Laktati iliyopanda bila mshtuko: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye limfoma ya Burkitt aliyedhaniwa kuwa na malaria kali

Umri kamili, jinsia, tarehe, kijiji na hospitali vimeondolewa, na baadhi ya majibu ya maabara yamekadiriwa kwa namba ya karibu ili mgonjwa asitambulike. Kisa kinaandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu, wauguzi na wanafunzi wa sayansi ya afya ambao hukutana na laktati (zao la glukosi iliyovunjwa bila kuchomwa hadi mwisho) iliyo juu na, kwa mazoea, huisoma kuwa ni dalili ya tishu zilizokosa oksijeni.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mtoto wa shule ya msingi aliyekuwa akilelewa na bibi yake katika eneo ambalo malaria haikatiki mwaka mzima. Wiki 3 kabla ya kufika hospitali ya rufaa alipimwa malaria katika zahanati, kipimo cha haraka kikaonyesha mistari miwili, akapewa dawa mseto na akamaliza dozi yake. Homa ilishuka kwa muda. Baadaye gego moja la chini upande wa kushoto lilianza kulegea na shavu likavimba, na katika kituo cha afya jino hilo liling'olewa kwa kudhaniwa kuwa kuna jipu la fizi. Kidonda hakikufunga. Tumbo nalo likaanza kujaa, homa ikarudi, na bibi akamleta mjukuu wake akieleza kwamba anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia, ilhali amelala tu kitandani.

Msomaji anayeifahamu kanda yetu ataona jino lililolegea na shavu lililovimba, akaishia hapo hapo kwenye utambuzi: limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa mataya wa aina hii kwa watoto mwaka 1958, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe huo. Leo tunajua kwamba kirusi hicho, malaria ya mara kwa mara na ajali moja ya kromosomu hukutana katika seli moja ya kinga: kipande chenye jeni ya MYC hutoka kromosomu ya 8 na, mara nyingi, hujibandika kwenye kromosomu ya 14, karibu na jeni za kutengeneza kingamwili, ambako MYC huamriwa kufanya kazi bila kupumzika. Seli hizo zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Hakuna uvimbe mwingine wa binadamu unaojulikana kukua kwa kasi inayozidi hiyo, na hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kifae kufundishia kazi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, katika seli inayokua.

Mfuatano wa matukio

Mtoto alipokelewa jioni akiwa na barua ya rufaa iliyosema "malaria kali yenye asidi katika damu". Joto lilikuwa nyuzi 38.4, pumzi 52 kwa dakika, za kina, ilhali mapafu yalisikika safi na oksijeni ilikuwa asilimia 98 bila msaada. Shinikizo la damu lilikuwa la kawaida kwa umri wake. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya. Sukari ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita, na laktati milimoli 11.4.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, laktati inayofika milimoli 5 au sukari iliyo chini ya 2.2, pamoja na vimelea vya malaria katika damu, hutosha kumweka mtoto katika kundi la malaria kali. Kwa hiyo timu ya zamu ilianza artesunate, dawa ya malaria, ya mshipa, ikatoa glukosi ya asilimia 10 mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, ikaongeza ceftriaxone kwa kuhofia maambukizi ya bakteria katika damu, na haikumwaga maji mengi kwa mkupuo. Hili la mwisho lilikuwa la busara: utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mkupuo wa maji kwa watoto wenye homa na dalili za mzunguko hafifu wa damu uliongeza vifo.

Sukari ilipanda hadi 4.6, na baada ya saa 2 ikawa 2.4. Glukosi iliongezwa kwenye dripu, ikapanda, ikashuka tena. Karibu na usiku wa manane laktati ilikuwa 13.8, juu kuliko wakati wa kupokelewa, na kipimo cha hadubini cha matone ya damu kikarudi bila vimelea.

Aliyeiona picha kamili kwanza alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Aliandika kwenye faili kwamba mtoto mwenye sukari ya 2.4 alikuwa amekaa, akimwomba bibi yake uji. Kwamba mikono na miguu ilikuwa ya moto. Kwamba alipobonyeza ukucha wa kidole gumba na kuuachia, rangi ilirudi kabla ya sekunde 2. Na kwamba mkojo ulikuwa unatoka vizuri. Mistari hiyo minne ilikuwa na uzito kuliko kipimo chochote kilichoombwa usiku ule. Mtoto mwenye laktati ya 13 kutokana na mshtuko (mzunguko wa damu ulioporomoka) huwa na viungo vya baridi, na mtoto mwenye sukari ya 2.4 mara nyingi husinzia au hupata degedege.

Kwenye raundi ya asubuhi swali la kwanza lilikuwa kama namba zenyewe ni za kweli. Damu ya usiku ilikuwa imewekwa katika chupa ya kawaida na ikasubiri kupimwa. Chembe nyekundu hazina mitokondria, vinu vya seli vya kuchoma chakula kwa oksijeni, hivyo huendelea kuvunja glukosi na kutoa laktati hata zikiwa ndani ya chupa, na kila saa ya kusubiri hushusha sukari na kupandisha laktati. Damu ilichukuliwa upya katika chupa yenye floridi, ambayo huzuia kimeng'enya kiitwacho enolesi, ikawekwa kwenye barafu na kupelekwa mkononi hadi maabara. Jibu likawa 13.1. Makosa ya uchukuaji yaliondolewa katika hesabu, na tatizo likabaki kuwa la mgonjwa mwenyewe.

Hadubini ya pili haikuonyesha vimelea. Kipimo kingine cha haraka, kinachotafuta kimeng'enya cha laktati dehidrojenesi cha kimelea badala ya HRP2, protini ya kimelea iliyotafutwa na kipimo cha kwanza, kilikuwa hasi. Upande wa mtoto mwenyewe, laktati dehidrojenesi katika damu, ambayo maabara zetu huiandika LDH, ilikuwa zaidi ya mara 10 ya kikomo cha juu. Asidi ya yuriki ilikuwa mikromoli 714 kwa lita, fosfeti ilikuwa karibu na kikomo cha hatari, na kreatinini ilikuwa imepanda kidogo. Ultrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimevimba na ini lenye madoa mengi ya uvimbe. Sindano nyembamba ilipita kwenye taya, na kufikia alasiri mtaalamu wa patholojia aliripoti seli za limfu za ukubwa wa wastani, zenye saitoplazimu ya buluu iliyojaa vitundu vidogo vya mafuta, picha inayolingana na limfoma ya Burkitt. Maji ya uti wa mgongo hayakuwa na seli za saratani.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Dozi za artesunate za saa 24 za mwanzo zilikamilishwa, kisha dawa ikasimamishwa. Wapo waliotaka kozi yote imalizike kwa tahadhari, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Lakini protini ya HRP2 huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na mtoto huyu alikuwa ametibiwa wiki 3 tu zilizopita.

Uamuzi uliobishaniwa zaidi ulihusu baikaboneti, dawa ya kupunguza asidi. pH ya damu, yaani kipimo cha asidi, ilikuwa 7.24, na kawaida ya wodi ilikuwa kuirekebisha. Timu ilikataa, kwa sababu ya tabia ya kimeng'enya kimoja. Fosfofruktokinesi ndiyo lango kuu la njia ya kuvunja glukosi: hubanwa na ATP (sarafu ya nishati ya seli) ikiwa nyingi, na sitreti, na pia asidi, kisha hufunguliwa na AMP, ishara ya nishati iliyopungua, na fruktosi 2,6-bisfosfeti. Asidi iliyolimbikizwa na uvimbe ilikuwa, kwa kiasi fulani, inafunga lango hilo. Kumwaga baikaboneti kungelifungua na kuongeza laktati ileile iliyokusudiwa kupunguzwa. Kuna sababu ya pili: kuufanya mkojo upungue asidi huongeza hatari ya kalsiamu na fosfeti kuganda ndani ya figo.

Glukosi haikukatwa, ila lengo lilibadilishwa. Badala ya kuikimbiza namba hadi ifike kiwango cha mtoto mwenye afya, timu iliridhika na sukari isiyoshuka chini ya 3, kwa kuwa kila glukosi ya ziada ilikuwa inaingia kwenye uvimbe na kutoka ikiwa laktati. Thayamini ilitolewa kwa mshipa kuanzia siku hiyohiyo. Vitamini hii ni msaidizi wa lazima wa piruvati dehidrojenesi, kimeng'enya cha ndani ya mitokondria kinachoigeuza piruvati, zao la mwisho la njia ya kuvunja glukosi, ili iendelee kuchomwa. Mtoto aliyekula kidogo kwa wiki kadhaa huku uvimbe ukimnyonya anaweza kuwa ameishiwa nayo, na dawa yenyewe ni ya bei ndogo.

Kwa ajili ya figo, maji ya mshipa yasiyo na potasiamu yalitolewa kwa kiasi cha lita 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, pamoja na allopurinol. Dawa hii, iliyotoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings waliotunukiwa Nobel mwaka 1988, huzuia kimeng'enya cha zanthini oksidesi, na hivyo purini (viungo vya kujengea DNA) za seli zinazokufa hazifikii kuwa asidi ya yuriki. Haiondoi asidi iliyokwisha kutengenezwa. Rasburicase ingeiondoa, kwa sababu ni kimeng'enya chenyewe cha kuvunja asidi ya yuriki, ambacho binadamu alikipoteza katika historia ya mageuzi yake. Lakini haikuwepo, na hata kama ingekuwepo, hali ya G6PD ya mtoto, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu, haikujulikana. Rasburicase huacha haidrojeni peroksaidi kama mabaki, na mwenye upungufu wa G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria, anaweza kuvunjikiwa damu kwa ghafla.

Saa 14 baada ya maji kuanza, tiba ya saratani ilianzishwa kwa dozi ndogo za awali: cyclophosphamide miligramu 300 kwa mita ya mraba, vincristine na prednisolone, pamoja na methotrexate kwenye uti wa mgongo. Majibu ya kina ya patholojia hayakusubiriwa.

Matokeo

Jioni ya siku ya kwanza ya tiba potasiamu ilifika 6.2 na fosfeti ikavuka kikomo. Seli zilikuwa zinapasuka kwa wingi, na LDH ilipanda zaidi badala ya kushuka. Kalsiamu glukoneti ilitolewa kulinda moyo, na salbutamol ya kuvuta ikaingiza potasiamu ndani ya seli. Insulini iliepukwa kwa sababu ya sukari. Laktati iliyopimwa muda mfupi baada ya salbutamol ilikuwa imepanda kidogo, na daktari mmoja alidhani tiba imeshindwa. Lakini dawa hiyo yenyewe huchochea uvunjaji wa glukosi kwenye misuli, na kipimo cha saa 4 baadaye kilionyesha kushuka.

Baada ya saa 24 za tiba laktati ilikuwa 8.2, baada ya saa 48 ilikuwa 4.1, na siku ya nne 1.9. Dripu ya glukosi iliondolewa siku ya tatu na sukari haikushuka tena. Pumzi zilirudi kuwa za kawaida kabla shavu halijaanza kunywea. Figo ziliyumba kwa siku 5 bila kuhitaji dialisisi. Mtoto alipata vidonda vya mdomoni katika mzunguko wa pili wa dawa, akamaliza mizunguko yote, na katika hudhurio la mwisho tulilonalo kwenye kumbukumbu hakuwa na dalili ya uvimbe.

Uchambuzi: laktati ilitoka wapi

Katika seli iliyotulia, glukosi huvunjwa hadi piruvati kwa faida ya ATP 2 tu, kisha piruvati huingia mitokondria na kuchomwa hadi mwisho, ambapo glukosi moja hutoa jumla ya ATP kama 30. Oksijeni ikikosekana, piruvati hugeuzwa kuwa laktati. Hii ndiyo sura tunayofundishwa, na ndiyo iliyoongoza usiku wa kwanza wa kisa hiki. Miaka ya 1920, huko Berlin, Otto Warburg alipima vipande vya uvimbe na kuona kwamba vinatoa laktati nyingi hata oksijeni ikiwepo tele. Alieleza jambo hilo kwa kudai kwamba mitambo ya kupumua ya seli ya saratani imeharibika, na kwa hilo alikosea: seli nyingi za saratani zina mitokondria zinazofanya kazi. Kinachobadilika ni vimeng'enya vinavyoamua piruvati iende wapi.

MYC, ile jeni iliyohamishwa, huagiza kutengenezwa kwa vimeng'enya vya njia hii kwa wingi. Heksokinesi ya aina ya 2 huibandika glukosi fosfeti mara tu inapoingia, nayo haiwezi tena kutoka. Laktati dehidrojenesi A, iliyoonyeshwa kuwa chini ya amri ya MYC katika miaka ya 1990, hugeuza piruvati kuwa laktati na wakati huohuo hurudisha NAD, kibeba elektroni kinachohitajika ili njia isikwame. Pale ambapo uvimbe umebanana na damu haifiki vizuri, HIF-1, protini inayoamka oksijeni ikipungua, huongeza kinesi inayoizima piruvati dehidrojenesi kwa kuibandika fosfeti. Lango la kuingilia limepanuliwa, mlango wa mitokondria umebanwa, na mlango wa laktati uko wazi.

Kwa kawaida ini lingeipokea laktati hiyo na kuigeuza glukosi tena, katika mzunguko ulioelezwa na Carl na Gerty Cori. Mzunguko huo huugharimu mwili: ini hutumia ATP 6 kurudisha glukosi ambayo uvimbe uliivuna ATP 2. Mtoto huyu alikuwa analipa gharama hiyo kwa ini ambalo sehemu yake ilikwisha kushikwa na uvimbe, na hapo ndipo laktati ilipolimbikizwa na sukari ikaisha. Uji alioomba usiku ule nao una maelezo: ubongo unaweza kutumia laktati kama nishati, na wapo wagonjwa wa limfoma walioripotiwa kuwa na akili timamu kwenye viwango vya sukari ambavyo vingemzimisha mtu mwingine.

Kwa nini seli inayokua huchagua njia hii

Nionavyo, sehemu hii ndiyo inayofundishwa vibaya zaidi vyuoni, kwa sababu wanafunzi hukariri "athari ya Warburg" kana kwamba ni ugonjwa wa saratani peke yake. Seli ya kinga iliyoamshwa na maambukizi hufanya hivyohivyo, na seli za kiinitete pia. Seli inayokaribia kugawanyika haihitaji nishati tu. Inahitaji kaboni ya kujengea DNA, protini na utando wa seli mpya, na anayejenga nyumba hazitii mbao zote jikoni.

Piruvati kinesi ya aina ya M2 inaeleza jambo hili vizuri. Ni kimeng'enya cha hatua ya mwisho kabla ya piruvati, na katika seli zinazokua mara nyingi hukaa katika umbo lenye kasi ndogo. Kwa mtazamo wa nishati hilo ni hasara. Lakini kasi ikipungua mwishoni, viungo vya kati vya njia hurundikana nyuma yake na kupata nafasi ya kuchepuka: vingine vinakwenda kutengeneza serini, na glukosi 6-fosfeti inaingia njia ya pentosi kupitia G6PD, ambako seli hupata ribosi ya nukleotidi na NADPH ya kutengenezea mafuta na kujikinga na oksidi. Wingi wa nukleotidi zilizojengwa hivyo ndio uliorudi kama asidi ya yuriki seli zilipokufa. Laktati ya usiku wa kwanza na yuriki ya asubuhi zilikuwa majibu mawili ya mchakato mmoja, ingawa yaliandikwa kwenye karatasi mbili tofauti.

Methotrexate iko kwenye mstari huohuo. Huzuia dihidrofoleti redaktesi, na bila kimeng'enya hicho seli haiwezi kutengeneza thimidini ya DNA. Haichagui kati ya seli ya uvimbe na seli nyingine inayokua, na dawa za namna hii zinapotolewa pamoja, ngozi laini ya mdomo, ambayo hujifanya upya kila siku chache, hulipa sehemu ya gharama.

Kilichofaa na kilichokwama

Kilichofaa zaidi ni kutibu chanzo mapema. Hakuna maji, baikaboneti wala sukari iliyoshusha laktati. Ilishuka vimeng'enya vya uvimbe vilipopungua pamoja na seli zilizovibeba. Kuchukua damu upya katika chupa ya floridi kulichukua dakika chache na kukamaliza ubishi ambao ungeweza kula nusu siku. Kuanza kwa dozi ndogo kulifanya kupasuka kwa seli kuvumilike kwa figo zilizokwisha kuvimba.

Kukwama kulianza kabla ya hospitali ya rufaa. Jino lililolegea lililetwa na mtoto ambaye meno yake mengine yalikuwa mazima, na barua ya rufaa haikulitaja kabisa. Habari yake ilipatikana kwa bibi asubuhi ya siku ya pili, alipoulizwa kidonda cha mdomoni kimeanza lini. Kipimo chanya cha HRP2 kilisomwa bila kuuliza tiba ya mwisho ya malaria ilikuwa lini. Usiku wa kwanza glukosi iliongezwa mara kwa mara huku laktati ikipanda, na hakuna aliyeziweka namba hizo mbili kwenye chati moja; zingewekwa pamoja, uhusiano wake ungeonekana kabla ya mapambazuko. Hata hivyo sikubaliani na waliosema baadaye kwamba artesunate haikupaswa kuanzishwa. Kimelea cha falsiparamu nacho huishi kwa kuvunja glukosi na kumwaga laktati, kwa vimeng'enya vyake mwenyewe, na saa ya kwanza hakuna dalili ya kitandani inayotenganisha vyanzo hivyo viwili kwa uhakika. Kilichochelewa ni hadubini ya pili na kipimo cha kimeng'enya cha kimelea, ambavyo vyote vilikuwepo maabara tangu jioni.

Maandishi ya muuguzi yalisomwa saa 7 baada ya kuandikwa. Tangu hapo wodi hiyo inamtaka muuguzi wa zamu ampigie simu daktari pale laktati inapopanda kwa mtoto mwenye viungo vya moto, na chupa za floridi zimewekwa kwenye kabati la dharura badala ya stoo ya maabara.